Hariri Katika Chupa

Mara nyingi jina la kitu huwa na nguvu kuliko kitu chenyewe, na hakuna alijuaye jambo hili kama mfanyabiashara. Chukua chupa mbili zenye sabuni ya nywele ya namna moja. Juu ya moja andika "sabuni", na juu ya ya pili "sabuni yenye hariri". Ya pili itauzwa ghali, na itakwisha kwanza. Je, aliyeandika neno hilo amesema kweli au uongo? Jibu si jepesi kama lidhaniwavyo.

Tukiri kwanza ya kuwa hariri imo. Kiwavi wa hariri hula majani ya mforsadi kwa muda wa wiki nne hivi, kisha hujizungushia kifukofuko cha uzi mmoja usiokatika, ambao urefu wake waweza kufika mita 900. Uzi huo una protini mbili: fibroini, ambayo ndiyo uzi wenyewe, na serisini, ambayo ni gundi yake. Watengenezaji huichukua hariri, mara nyingi mabaki ya viwanda vya nguo, wakaivunjavunja kwa asidi, magadi au vimeng'enya mpaka ikawa vipande vidogo viyeyukavyo katika maji. Mkemia atasema ya kuwa chembe zake ni zile zile. Ni kweli, lakini ule urefu na ule uimara vilivyoifanya hariri isifiwe duniani vimekwisha kupotea.

Na unywele je? Sehemu iliyotoka nje ya ngozi haina uhai. Ni keratini, kama ukucha. Haili wala haiponi. Vipande vya hariri hukaa juu yake kama utando mwembamba, vikashika unyevu na kuufanya ulainike na kung'aa, hata kitana kikapita bila kuvuta. Si kazi ya kudharauliwa. Walakini huoshwa na maji ikatoka, na haikuzi nywele hata kidogo. Tena kiasi chake chaweza kuwa kidogo mno. Sheria za Ulaya na Marekani hutaka vitu vilivyomo vitajwe kuanzia kilicho kingi zaidi, lakini vile visivyofika sehemu 1 katika 100 huruhusiwa kupangwa vyovyote mwishoni. Mnunuzi akilikuta jina la hariri huko mkiani, hawezi kujua kama ni kijiko au ni tone.

Mfanyabiashara atajitetea. Atasema, "Sikusema uongo. Anunuaye sabuni ya waridi hadhani kuwa amenunua bustani." Utetezi huu una uzito, nami kwa muda mrefu niliukubali. Aliyenitoa katika kuukubali ni mpwa wangu, msichana wa kidato cha pili, aliyeweka akiba ya mwezi mzima akanunua chupa ya namna hiyo. Nilipomwuliza sababu, alisema, "Mjomba, nywele zangu ni ngumu." Nani alimwambia ni ngumu? Alilisikia neno hilo tangu utotoni, kila kitana kilipompita kichwani. Waridi humwahidi mtu harufu, na harufu huipata. Hariri ilimwahidi mtoto huyu nywele zisizokuwa zake. Asemaye neno la kweli, akijua ya kuwa msikilizaji atajenga juu yake jambo lisilo kweli, na akiutegemea ujenzi huo kwa faida yake, sioni ametofautianaje na mwongo, isipokuwa kwamba hashtakiki.

Iko hesabu nyingine. Ili uzi usikatike, vifukofuko huchemshwa au hutiwa mvuke hali pupa yumo ndani, kwa maana nondo akitoka hukitoboa kifuko. India wako Majaini wanaoikataa hariri kwa sababu hiyo. Na iko hariri iitwayo ya ahimsa, ambayo nondo huachwa atoke kwanza, kisha nyuzi zilizokatika husokotwa kama pamba. Mimi hula samaki, na sina mdomo wa kumlilia kiwavi. Tena watasema pupa alikwisha kufa kwa ajili ya nguo, na chupa yatumia mabaki tu. Lakini mabaki yanayouzwa nayo huineemesha biashara ile ile. Nguo ya hariri humstiri mtu miaka mingi, hata mjukuu akairithi. Tone lililotiwa katika chupa ili jina lake tu lipate kuchapwa limemfaa nani? Kifo hicho, hata kama ni cha mdudu, kimelipia neno.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote, labda kwa maneno mengi kupita kiasi. Alinisikiliza kwa adabu. Chupa hakuitupa, iko dirishani hadi leo, naye huitumia kwa kuwa yanukia vizuri. Ila tangu siku ile huiita sabuni.