Je, Mgonjwa wa Ini ni Mvivu?

Lipo swali litupasalo kuliangalia kwa nuru ya Injili. Mtu akiugua ini miaka mingi, wala kwa macho haonekani kuwa mgonjwa, tumhesabuje anaposhindwa kuimaliza kazi ya siku?

Ugonjwa huu ni wa siri. Virusi vya homa ya ini vya namna ya B vyaweza kukaa mwilini miaka mingi, ini likapata makovu na kuwa gumu, na mwenyewe asijue. Asubuhi ashika jembe au kalamu kama wenziwe. Ifikapo adhuhuri nguvu zimemwishia, wala usingizi wa usiku haumrudishii. Basi watu hunena, “Huyu ni mvivu.” Wengine hunena, “Ni pombe hiyo.” Kweli, pombe huharibu ini, lakini wako wengi walioambukizwa na mama zao siku ya kuzaliwa, ambao hawajaonja pombe kamwe. Twasema neno kali hukata maini. Basi maini ya ndugu huyu yakatwa mara mbili: kwa ugonjwa, na kwa ulimi wetu.

Wako washikao maagizo ya Paulo kwa Wathesalonike juu ya kazi na chakula. Na tuyasome vema: Mtume amkemea asiyetaka kufanya kazi, si asiyeweza. Tena Luther, katika kijitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, alifundisha kwamba mtu hahesabiwi haki kwa matendo; matendo ni ya kumfaa jirani. Ikiwa Mungu hatupimi kwa wingi wa kazi zetu, sisi tumeipata wapi mizani ya kumpimia mwenzetu?

Je, mgonjwa amefunguliwa wajibu wote? Sivyo. Yampasa kufuata dawa alizopewa, kuacha pombe, kumwambia msimamizi wake kweli ya nguvu zake, na kuitenda kwa uaminifu sehemu anayoiweza. Nasi yatupasa kumwachia kazi nyepesi na nafasi ya kupumzika, wala tusimtenge. Maana virusi hivi haviambukizwi kwa kupeana mikono, wala kwa kula pamoja, wala kwa kunywea kikombe kimoja.

Wazee walisema, mgonjwa haulizwi uji. Basi tusingoje aombe. Yeye aletaye kidogo kwa nguvu zake zote hakuleta kidogo.