Kusoma au Kuhesabu?

Mtu akipitia sura tatu kwa simu, amekwama kwa jam hapa Kileleshwa, ili tu programu isimkatie hesabu ya siku zake, je, amesoma Neno? Nidhamu ni nzuri, sikatai. Biashara bila daftari hufa. Lakini huyo ameandika daftari bila kuuza kitu.

Mwaka 1844 Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili pale Mombasa, neno moja moja. Mwaka huo huo alimzika mkewe na mtoto mchanga, na bado akaendelea. (Sisi tuna Biblia nzima mfukoni!)

Zaburi 1 humsifu anayetafakari, si anayemaliza. Kesho jaribu mstari mmoja tu. Ubebe mpaka jioni, mpaka pale soja atakapochelewa kukufungulia geti.