Je, Picha Yaweza Kushuhudia Uongo?

Tangu utoto twafundishwa ya kuwa kushuhudia uongo ni dhambi. Lakini tusikiapo neno ushuhuda, wengi wetu huwaza ulimi tu, wala hatukumbuki ya kuwa picha nayo hushuhudia. Mtu akionyesha picha ya ndege, ni kana kwamba asema, “Nalimwona, naye yu hivi.” Basi na tulitafakari swali hili: mtu abadiliye rangi za picha ya ndege, je, amesema uongo?

Swali hili lilinijia kwa aibu yangu mwenyewe. Nalimpiga picha kwezi, yule ndege wa nchi kavu za Kenya na Tanzania, mwenye mgongo wa buluu ing'aayo, tumbo la hudhurungi nyekundu, na mshipi mweupe kifuani. Nilipoitazama picha niliiona imepooza, nikazidisha buluu kwa kompyuta hata ikawaka kama kitambaa cha arusi. Nikaibandika ukutani darasani. Baada ya siku kadhaa mtoto mmoja akaniambia, “Mwalimu, kwezi wetu wa hapa si wazuri kama huyo wako. Hao hupatikana nchi gani?” Sikuwa na la kujibu. Nalitaka kumtukuza ndege, kumbe nimemfundisha mtoto kumdharau yule aliyepewa kumwona kila siku.

Pengine mtu atasema, “Dawa yake ni nyepesi: usiguse kitu, iache picha kama ilivyotoka katika kamera.” Neno hili laonekana kuwa la haki, lakini halitoshi. Nuru ya jua la asubuhi na la jioni ina manjano na wekundu. Nuru ya kivulini, itokayo katika anga tupu, ina buluu. Macho yetu na akili zetu hujirekebisha, hata tukaiona karatasi nyeupe kuwa nyeupe mahali pote. Kamera hukisia tu, na mara nyingi hukosea. Tena kila kamera huzipanga rangi kama walioiunda walivyopenda. Basi asiyegusa kitu hakuukimbia uongo. Amemwachia mwingine kunena badala yake.

Ndege mwenyewe naye huzidisha ugumu. Hudhurungi ya tumbo la kwezi ni rangi iliyomo ndani ya unyoya. Lakini buluu ya mgongo wake si kama rangi ya kutilia nguo. Yatokana na tabaka ndogo mno za unyoya, jinsi zinavyoirudisha nuru. Akigeuka kidogo, buluu huelekea kijani, au hufifia ikakaribia weusi. Ipi basi ni rangi yake ya kweli? Zote ni zake, kila moja kwa saa yake. Tena macho yetu yana aina tatu za chembe za kutambua rangi, na ya ndege yana aina nne. Hata nuru iliyo ng'ambo ya urujuani, tusiyoiona sisi, wao huipokea. Kwezi amwona mwenziwe kwa rangi tusizo na majina yake.

Je, tukate tamaa? Hasha! Shahidi mbele ya wazee haulizwi yote yaliyotukia duniani. Aulizwa aliyoyaona, ayaseme pasipo kuongeza wala kupunguza. Mpiga picha naye ana njia ya kufanya hivyo. Na awe na kadi ya kijivu halisi. Ndege akiisha kuruka, aiweke pale alipokuwa ametua, nuru ikiwa ile ile, aipige picha. Kisha azirekebishe rangi mpaka kijivu kiwe kijivu, na kwa kipimo hicho hicho airekebishe picha ya ndege. Kama hana kadi, autazame ule mshipi mweupe wa kwezi: ukiwa na manjano au buluu, rangi nyingine zote zimepotoka pamoja nao. Na kama apenda kuonyesha wekundu wa jioni, auache, ila aandike chini ya picha, “Jua likitua.” Maneno hayo machache yaiokoa picha isiwe uongo.

Kwa hiyo naona ya kuwa kubadili si uongo, wala kutobadili si kweli. Mmoja hubadili ili picha ikaribie kile alichokiona. Mwingine hubadili ili yeye mwenyewe asifiwe. Mikono yao hufanya kazi moja, lakini mioyo yao yatazama pande mbili. Kila mmoja na ajiulize: je, naweza kuiweka picha hii mbele ya mtu amjuaye ndege huyu, nisione haya?

Niliitoa picha ile ukutani, nikabandika nyingine niliyoirekebisha kwa kadi. Ilikuwa imepooza kidogo kuliko ile ya kwanza. Mtoto yule akaitazama kitambo, kisha akasema, “Huyu namjua. Hukaa katika mgunga ulio nyuma ya darasa.”