Kamba Fupi Kati ya Wawili

Kanisani kwetu tunayo Jumapili moja kwa mwaka ya kuwakumbuka watu wenye ulemavu. Wanaketi viti vya mbele, kwaya inawaimbia, kisha wanapewa unga, sukari na blanketi, na picha zinapigwa. Mwaka juzi nilikuwa katika kamati ya shughuli hiyo. Nilimwona mzee mmoja asiyeona akitafuta njia ya kwenda mezani, nikamshika mkono nikaanza kumvuta. Akasimama.

"Mwalimu," akaniambia kwa upole, "usinivute. Nipe kiwiko chako nikishike mwenyewe, halafu wewe tembea tu."

Nimekuwa mshirika kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuna aliyekuwa amenifundisha jambo hilo. Lakini wanariadha wanalijua. Wengi wetu tulimwona Samwel Mushai Kimani, Mkenya asiyeona, akishinda mbio za mita 1500 katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu ya London mwaka 2012, kwa muda usiofika dakika nne, na tena Rio mwaka 2016. Kando yake alikuwa James Boit, mwelekezi wake, wakiwa wameunganishwa na kamba fupi mkononi. Kanuni ni kali: mwelekezi haruhusiwi kumvuta mwenzake, na kwenye mstari wa mwisho ni lazima asiyeona atangulie. Fikiri kidogo juu ya kazi hiyo. Unatakiwa uwe na mbio kumshinda bingwa wa dunia, kisha uzitumie kufika wa pili.

Kabla ya Kimani alikuwapo Henry Wanyoike wa Kikuyu, aliyekimbia masafa marefu zaidi. Mwaka 1995, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushee, alipatwa na kiharusi. Alilala akiona, akaamka gizani. Alikata tamaa, na ilichukua muda kabla hajakubali hata kufundishwa kufuma sweta, achilia mbali kukimbia tena. (Nimewahi kusikia ikihubiriwa kwamba Mungu alimpofusha ili ampe medali. Sithubutu kusema hivyo. Wanafunzi walipomwuliza Yesu ni dhambi ya nani iliyomfanya yule mtu azaliwe kipofu, hakumtafutia mtu lawama.)

Mwaka 2000 Wanyoike alikwenda Sydney kukimbia mita 5000 pamoja na mwelekezi wake, John Kibuchi. Kibuchi hakuwa na afya nzuri. Walikuwa mbele ya wote, mstari wa mwisho ukiwa karibu, mwelekezi akaishiwa nguvu kabisa. Basi yule asiyeona akamkokota yule anayeona mpaka wakamaliza, na dhahabu ikawa yake.

Kisa hiki nilikisimulia katika ushirika wetu wa nyumbani, nikidhani wote watasema amina. Kijana mmoja akanipinga. "Huo si upendo," akasema. "Kanuni haikumruhusu kumaliza peke yake. Alimvuta kwa sababu alimhitaji. Angekuwa na macho angemwacha pale pale." Watu wakacheka, mimi nikanyamaza, maana sikuwa na jibu.

Nimelitafuta jibu hilo kwa miezi mingi. Kijana alisema kweli kwamba Wanyoike alimhitaji Kibuchi. Alipokosea, nadhani, ni kudhani kwamba uhitaji unaharibu upendo, kana kwamba upendo safi ni ule wa mtu asiyehitaji chochote kwa mwenzake. Hivyo ndivyo tunavyopenda siku ile ya unga na blanketi. Tunatoa, tunafuta mikono, tunarudi nyumbani, na kama yule mzee asingekuja tusingepungukiwa na kitu. Mama na mtoto wanahitajiana, mume na mke wanahitajiana, wala hatusemi wanafanya biashara. Paulo alipowaeleza Wakorintho kwamba kanisa ni mwili, hakusema viungo vyenye nguvu viwahurumie vilivyo dhaifu kwa mbali. Alisema vile vinavyodhaniwa ni dhaifu haviwezi kukosekana. Mimi nimeusoma mstari huo mara nyingi na kila mara nikajihesabu upande wenye nguvu.

Na Kibuchi je? Huyu ndiye ninayemfikiria zaidi. Alikwenda Australia awe macho ya mtu, akaishia kubebwa mbele ya uwanja mzima. Si jambo rahisi kwa mwanamume. Wengi wetu tungeona heri kuiachia kamba. Hakuiachia.

Jambo jingine lilinichoma. Bartimayo alipopiga kelele kando ya barabara, kila mtu aliona kwamba hana macho. Hata hivyo Yesu alimwuliza kwanza anataka nini. Kamati yetu haikuwahi kuuliza.

Mwaka huu nikaenda kwa yule mzee kabla ya kikao, nikamwuliza angependa kanisa limfanyie nini. Akafikiri, kisha akasema blanketi anazo za kutosha. Angependa kuingia katika kundi la kuwatembelea wagonjwa, kwa kuwa yeye amekaa kitandani hospitalini muda mrefu na anajua mgonjwa hataki maneno mengi. Shida yake ni mtu wa kutembea naye. Nimeandika jina langu. Tunakwenda Alhamisi saa tisa, na amenionya nisichelewe.