Je, Jina la Mtu Huazimwa?

Ndugu zetu wengi wa Mombasa, Kwale, Malindi na Lamu wamo leo katika nchi za Ghuba: Saudia, Imarati, Qatar na nyenginezo. Wako waliokwenda kwa mkataba wa miaka miwili wakakaa ishirini. Huko mgeni hajulikani kwa babake wala kwa mtaa wake. Hujulikana kwa karatasi zake, nazo ni pasi, mkataba wa kazi, kibali cha ukaazi ambacho Saudia huitwa ikama, na hesabu yake katika benki. Karatasi hizi zashikana. Asiye na kibali cha ukaazi ni taabu kufunguliwa hesabu, na kibali kikimalizika muda wake benki huweza kumzuilia mtu fedha zake mpaka akifanye upya. Basi mwenye karatasi huwa tajiri mbele ya asiye nazo, hata kama mishahara yao ni sawa.

Hapo ndipo huzuka suala ambalo tumeulizwa na zaidi ya mmoja, nasi twaona ni wajibu kulijibu. Mtu hujiwa na mwenzake wa kwao akamwambia: “Nipokelee fedha zangu katika hesabu yako, kisha unitumie nyumbani.” Mwengine husema: “Nisajilie simu kwa ikama yako.” Mwengine husema: “Nitilie sahihi dhamana ya mkopo, ni karatasi tu.” Aombwaye huona haya kukataa, na moyoni husema: huyu ni ndugu yangu Mwislamu, na kusaidiana tumeamrishwa. Je, huu ni wema?

Yataka kwanza tujue ni kitu gani kiombwacho. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu pwani hii, wameweka katika vitabu vyao mlango wa ariya, yaani kuazima. Wasema kiazimwacho ni kitu chenye manufaa ya halali, kitumiwacho na chenyewe kikabaki, kisha kikarudi kwa mwenyewe: kama sufuria, ngazi au baiskeli. Jina la mtu halimo katika mlango huo. Aandikaye jina lake katika benki huwa asema: “Fedha hizi ni zangu, nami najua zimetoka wapi.” Maneno hayo ni ushahidi. Sufuria hurudi, ushahidi ukisha kutoka haurudi. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ameuhesabu ushahidi wa uongo katika madhambi makubwa kabisa, wala hatujui mlango uuhalalishao kwa sababu ati shahidi alimpenda mwenzake.

Ama dhamana, hiyo ina mlango wake mbali, nayo ni halali. Lakini wengi hudhani mdhamini ni mfano wa shahidi wa arusi, atia sahihi akaenda zake. Sivyo. Katika fiqhi yetu mwenye kudai ana haki ya kumwendea mdaiwa au mdhamini, yeyote amtakaye. Na sheria za benki za huko ni za namna hiyo hiyo. Wako waliozuiliwa kusafiri kwa deni ambalo hawakula hata senti yake. Katika Imarati, cheki isiyo na fedha nyuma yake ilikuwa ni jambo la kumfunga mtu jela. Tangu Januari 2022 nyingi ya kesi hizo zimegeuzwa kuwa za madai tu. Jela imeondoka, deni halikuondoka.

Huenda mtu akatujibu: “Nyinyi mwakaa Mombasa kivulini. Huyo aombaye amenyang’anywa pasi na mwajiri wake, hakulipwa miezi mitano, amekimbia. Mwataka aende wapi?” Jawabu hili ni zito, wala hatulidharau. Kuzuia pasi ya mtumishi kumekatazwa na sheria za nchi hizo zenyewe, na bado kwafanywa. Mabadiliko ya Saudia ya mwaka 2021, yaliyomruhusu mfanyakazi kuhamia kwa mwajiri mwengine, hayakuwaingiza watumishi wa majumbani, na ndio wengi wa wenye kudhulumiwa. Dhulma hii ni ya mwajiri, na mwenye dhiki hahesabiwi kama mwenye shibe.

Lakini natutazame: kumwazima jina kwamfaa nini? Hakumrudishii pasi, wala hakumlipi miezi yake mitano. Kwamtoa katika mkono wa mwajiri kumtia katika mkono wa rafiki. Mali yake sasa iko kwa jina la mwengine. Wakigombana, ana hoja gani? Mwenye jina akifa, warithi wataikuta fedha katika hesabu ya baba yao na kuigawanya kama mirathi, na yule maskini hana hata kipande cha karatasi. Na fedha ile ikiwa asili yake ni ya wizi, atakayeulizwa na polisi ni mwenye jina.

Msaada wa kweli ni mwengine: kumpa katika mali yako, kumwandikia mashtaka yake kwa Kiarabu kilicho sawa, kumlipia nauli mpaka ubalozi wetu, kumfuatilia asisahauliwe. Haya yagharimu fedha na siku za kazi. Nasi twachelea kwamba wengi hupendelea kuazima jina kwa kuwa ni msaada usiowatoa kitu siku hiyo.

Na ikiwa mtu ana haki zake kamili lakini ataka mwenzake amfanyie jambo, mlango uko wazi, nao ni uwakala. Wakala husema waziwazi kuwa mali si yake, na huandika. Wako waonao haya kuandikiana, wakasema kuandika ni kutoaminiana. Watu hawa na waizingatie aya ya 282 ya Suratul Baqara. Ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qurani, na jambo lake ni kuandika deni: liandikwe likiwa dogo au kubwa, mdaiwa ndiye atamke, asiyeweza atamkiwe na msimamizi wake, wawepo mashahidi, na mjuzi wa kuandika asikatae kuandika.

Hilo la mwisho latugusa sisi tuliobaki nyumbani. Mtoto wetu hujua herufi za Kiarabu akiwa na miaka sita. Akifika ishirini hutia sahihi mkataba wa Kiarabu asiofahamu hata jumla moja, na huko Saudia na Imarati pakitokea mzozo maneno ya Kiarabu ndiyo yashikwayo. Hajui kuwa mfanyakazi wa kampuni katika Imarati, akitimiza mwaka na zaidi, ana haki amalizapo kazi ya mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika mitano ya mwanzo, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Ni nani amweleze? Walimu na kila ajuaye lugha hiyo na wakae baada ya Magharibi kuwasomea wasafiri mikataba yao kabla hawajatia sahihi. Waangalie pia kwamba jina katika cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na pasi limeandikwa namna moja, kwani Mohamed wa hapa na Muhammad wa pale, mbele ya karani wa benki, ni watu wawili. Na msafiri aache wasia ulioandikwa: benki gani, anamdai nani, anadaiwa na nani.

Jina ni amana ambayo mtu ataulizwa. Na amsaidie nduguye kwa mkono wake, kwa mali yake na kwa elimu yake, na jina lake alihifadhi kwa lile alijualo kuwa ni kweli. Mwenyezi Mungu awahifadhi ndugu zetu walio ugenini, na atuwafikishe sote. Amin.