Usipulize Mafuta Kwenye Breki
Somo: Yoshua 7

Wiki hii nawahubiria kutoka kwa breki ya baiskeli. Usicheke bado.

Mnajua Jumamosi huwa naendesha baiskeli na vijana wetu, zile za barabarani zenye tairi nyembamba. Siku hizi nyingi zina breki za diski za mafuta. Ukifinya mkono wa breki, mafuta yanasukuma pistoni, pistoni zinasukuma pedi mbili, na pedi zinabana diski. Ni breki nzuri sana, lakini ikianza kulia, hata ng'ombe kando ya barabara wanageuka kutazama.

Sasa, breki ya nyuma ya kijana wetu mmoja ilianza kulia hivyo. Wenzake wakamcheka. Jamaa fulani mtaani akamwambia hiyo ni kitu kidogo, akachukua mkebe wa mafuta ya mnyororo, akapuliza kwenye diski. Kelele ikaisha! Kijana akashukuru, akalala vizuri.

Jumamosi hiyo tulikuwa tumepita Limuru, tukasimama juu ya ule mteremko wa Mai Mahiu, ile barabara ya malori inayoshuka hadi kwenye kikanisa kidogo cha Waitaliano. Kabla ya kushuka huwa kila mtu anapima breki zake. Yule kijana akafinya ya nyuma, akasukuma baiskeli mbele, na gurudumu likazunguka tu kama hakuna mtu amefinya kitu. Breki ilikuwa imenyamaza kwa sababu haishiki tena. Alirudi nyumbani kwa matatu, baiskeli juu ya keria, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba tulipimia pale juu.

Wapendwa, ni nyumba ngapi zimenyamaza namna hiyo? Mama alikuwa akiuliza mshahara unaenda wapi. Akaambiwa ana mdomo, mke mwema hatulii kwa maswali, akaletewa mistari. Siku hizi haulizi. Mzee anakuja kuniambia, "Pasta, nyumba yangu ina amani." Ni amani gani hiyo? Ama mtoto wa kidato cha tatu aliyekuwa akibishana kila siku, sasa anaingia chumbani na kufunga mlango. Na hata hapa kanisani, wacha niseme: mtu akiuliza hesabu ya pesa za ujenzi, tunakimbilia kusema ana roho ya uasi. Hayo ni mafuta ya kupuliza, ndugu yangu. Mteremko uko mbele.

Mwangalie Yoshua. Israeli wamepigwa Ai, mji mdogo tu, watu 36 wamekufa. Yoshua na wazee wakalala kifudifudi mpaka jioni. Maombi ni mazuri, mimi ni mtu wa maombi, lakini soma uone: Mungu alimsimamisha akachunguze. Kesho yake asubuhi wakapita kabila kwa kabila, likatwaliwa la Yuda. Kisha ukoo wa Zera, kisha nyumba ya Zabdi, kisha mtu kwa mtu mpaka kwa Akani. Na chini ya hema lake kulikuwa na vazi la Shinari, fedha shekeli 200 na kipande cha dhahabu cha shekeli 50. Vitu vya kufunika na mkeka tu.

Fundi mzuri hufanya vivyo hivyo. Habadilishi kila kitu kwa siku moja. Anauliza kwanza: inalia lini? Kama hujafinya breki na inasema chi, chi, chi, mara moja kila mzunguko, diski imepinda. Kama inakwaruza bila kuacha, huenda kalipa haijakaa katikati. Unalegeza bolti zake mbili, unafinya breki, unakaza tena. Kama ni sauti ya chuma kwa chuma, pedi zimekwisha, na usiende hata dukani nayo. Na kama inalia kwenye mvua peke yake? Wacha ikauke, itanyamaza yenyewe.

Hapo nataka tuelewane. Si kila kelele ni pepo. Mtu anayepandisha sauti kila tarehe tano, wakati kodi ya nyumba inadaiwa, huyo amenyeshewa. Usimwekee mikono kichwani kabla ya kumuuliza mwenye nyumba anadai ngapi.

Lakini ya kijana wetu ilikuwa mafuta. Fundi alisafisha diski kwa alkoholi na kitambaa safi, ikatakata, kwa sababu chuma hakinywi. Pedi zilikuwa zimekunywa. Kijana akauliza kama anaweza kuzichoma kidogo kwenye jiko. Fundi akazitupa kwenye debe la takataka, akafunga mpya, kisha akamtuma kwenye uwanja wa shule: kimbiza, finya taratibu mpaka karibu usimame, achilia, rudia mara 20 hivi. Pedi mpya haishiki vizuri siku ya kwanza, hata ikiwa ya bei gani. Kwa hivyo mzee, ukienda leo kuomba msamaha na mama asikuamini mpaka Pasaka, usikasirike. Bado uko mara ya pili, ya tatu.

Jumatano baada ya maombi ya jioni nitakuwa kwa ofisi mpaka saa mbili usiku. Ukija, njoo na yule aliyekuwa akikupigia kelele. Yeye ndiye ataanza kuongea.