Nani Kakufunza Maneno Hayo?

Watu wa Pwani tuna methali nyingi kuhusu watoto, na baadhi yake hazipatani. Mtoto wa nyoka ni nyoka, yaani kazaliwa nayo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, yaani kafunzwa. Ila zote mbili zinakubaliana kwa jambo moja: mtoto mwenyewe hana lake humo. Anapokea tu. Mie naona kuna swali zimeliruka. Mtoto anapotuiga, anafanya nini hasa? Na neno aliloliiga, likileta balaa, ni la nani?

Hapa Kibuyuni, jirani na Shimoni, akina mama wanalima mwani. Maji yakitoka wanashuka na kamba zao, wanainama kufunga mbegu mpaka bahari irudi. Watoto wadogo wanabaki ufukweni na shamba lao: vijiti viwili mchangani, uzi katikati, majani yamefungwa kwa mstari. Nilimtazama mmoja wa miaka minne hivi. Alifunga majani matatu, akainuka polepole, mkono kiunoni, akaguna: "Mgongo wangu jamani!" Mgongo wa miaka minne hauumi hivyo. Lakini kwake kufunga mwani na kuguna ni kazi moja, na kazi aliifanya yote.

Mwaka 2005 watafiti Victoria Horner na Andrew Whiten walichapisha jaribio lao juu ya jambo hili. Waliwaonyesha sokwe wa kisiwa cha Ngamba, huko Uganda katika Ziwa Victoria, sanduku lenye zawadi na namna ya kuitoa kwa kijiti. Hatua nyingine zilikuwa na kazi, nyingine za bure. Sanduku lilipokuwa jeusi, sokwe waliiga hata zile za bure. Lilipokuwa angavu, na ikaonekana wazi kwamba kijiti kinachoingizwa juu hakifiki kwenye zawadi, waliziacha. Watoto wa miaka mitatu na minne waliopewa sanduku lilelile waliendelea kurudia zote.

Ni rahisi kucheka kwamba sokwe katushinda akili. Mie nafikiri sokwe alikuwa anatazama sanduku, na mtoto alikuwa anamtazama mtu. Mtoto anaamini kwamba mtu mzima hafanyi jambo bila sababu, hata kama sababu yenyewe haionekani. Bila imani hiyo tusingekuwa na adabu wala mila. Mtoto anasema shikamoo miaka mingi kabla hajajiuliza neno hilo lina maana gani. Hakuna sanduku linalofunguka kwa shikamoo, lakini ndivyo anavyoingia katika watu.

Tatizo ni kwamba imani hiyo haichagui. Mie niliacha chuo kabla ya kumaliza, na sasa natafuta riziki kwa kuandika, kazi ambayo kwa majirani inafanana sana na kukaa barazani na simu. Siku moja mtoto wa jirani, wa miaka mitano, alisimama mbele yangu, akanitazama juu mpaka chini, akashusha pumzi, akasema: "Maskini, kusoma kote kule na bado anakula kwa mamake."

Alikuwa anazungumza nami, lakini alisema "anakula", si "unakula". Sentensi ilikuja nzima kama ilivyotoka mdomoni mwa mwenyewe, pamoja na pumzi yake. Mamake alitoka mbio. "We! Nani kakufunza maneno hayo?" Kofi likafuata. Hakuna aliyejibu, kwa sababu sote pale tulijua jibu.

Maneno yenyewe yaliniuma kidogo, yakapita. Kofi ndilo lililobaki nalo. Yule mtoto kaadhibiwa kwa kosa gani? Hakusema uongo. Hakukusudia kumtusi mtu. Aliamini tu kwamba neno la mamake ni neno linalofaa kusemwa. Na somo alilopata si kwamba kumsema mtu ni vibaya. Ni kwamba mtu husemwa akiwa hayupo.

Utaniambia wazazi ni binadamu, wanachoka, nani ataweza kuchunga kila neno? Kweli, hakuna. Tena si wazazi peke yao. Mwaka 1961, Albert Bandura na wenzake walifanya jaribio Stanford, Marekani, na watoto 72 wa shule ya chekechea. Waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere wengi wao walimpiga vilevile, hata kwa maneno yaleyale. Mtu yule hakuwa baba yao wala mama yao. Kwa hiyo mie nisiye na mtoto simo nje ya jambo hili. Kila anayekaa barazani anaigwa.

Basi tunachodaiwa na watoto si usafi wa malaika. Tunadaiwa sababu, kwa kuwa wao wamekwisha kuamini kwamba tunazo. Nimemsikia mama mmoja akimweleza bintiye juu ya fundo: ukilikaza sana linaukata mwani, ukililegeza wimbi linauchukua. Binti huyo hataiga vidole tu. Kesho akiona njia bora ya kufunga ataweza kuiacha ya mamake, na hatakuwa amemkosea heshima. Hata kwa lile neno juu yangu palikuwa na la kumwambia mtoto: nililisema mimi, na halikuwa zuri.

Ugumu ni kwamba kuna maneno na tabia zetu ambazo tukiulizwa sababu, hatuna. Hizo ndizo za kuacha, na ni afadhali tuziache kabla mtoto hajatusemea mbele za watu.